Bi Mkato na Kipeperushi cha Ini

Bi Mkato alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameitumia kusoma makosa ya watu wengine. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji nyuma ya soko. Kadi za harusi, matangazo ya tanzia, ratiba za mitihani, katiba za vyama vya kuzikana, hakuna karatasi iliyoingia kwenye mashine bila kupita kwanza mbele ya miwani yake. Jina la Mkato alipewa na mafundi wa mashine, siku aliposimamisha kazi ya kadi mia tano kwa sababu ya alama moja ya mkato iliyowekwa mahali pasipo pake, na kwa kukaa kwake pale ikawa imemwozesha bibi harusi kwa baba mkwe wake. Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alisema, "Chapeni upya," akarudi mezani kwake.

Mumewe alikuwa muuza nyama, naye mtaani hakuitwa kwa jina lolote zaidi ya Kisu. Basi watu walikuwa na utani wao, kwamba nyumba ile mume ni Kisu na mke ni Mkato, mgeni akikaribishwa achunge vidole.

Duka la Kisu lilikuwa na vigae vyeupe ukutani, kulabu sita, mizani, na gogo la kukatia ambalo katikati lilikuwa limeliwa na shoka mpaka likabonyea kama kitanda cha zamani. Maini aliyaning'iniza kwenye kulabu ya mwisho, karibu na dirisha, yakimetameta. Aliyauza kila siku, aliyasifu kwa wajawazito na kwa wazee, lakini yeye mwenyewe hakuyatia mdomoni. Harufu yake ikipikwa ilimchefua tangu utotoni. Mkewe akitaka kula ini ilibidi alipike akiwa peke yake, madirisha wazi.

Ndiyo maana Bi Mkato alishangaa siku alipomkuta Kisu amekaa mezani, amejipangia vidonge sita kwenye kisahani, anavimeza kimoja kimoja na maji.

"Hivyo vya nini?"

"Vya nguvu," akajibu Kisu. "Unajua nilivyokuwa nachoka siku hizi. Kupandisha paja la ng'ombe kwenye kulabu mpaka nipumzike mara mbili. Vidonge hivi ni dondoo la ini la ng'ombe, limekaushwa likasagwa."

Bi Mkato alivua miwani. "Yaani unanunua ini kwa mtu, na ini limening'inia nyuma ya kisogo chako?"

"Lile ni ini. Hili ni dondoo."

"Tofauti yake nini?"

Kisu alimeza kidonge cha sita, akajifuta mdomo. "Utafiti," akasema.

Muuzaji wa vidonge hivyo alikuwa mwanamume mmoja mchangamfu, suruali yenye mstari wa pasi, mkoba ulioandikwa AFYA kwa herufi za dhahabu. Watu walimwita Bwana Afya. Hakuwa daktari wala hakujiita daktari, ila mtu akimwita hivyo hakumkatiza. Alipita duka kwa duka, na kwa Kisu alikuwa amekaa saa nzima, akisikiliza habari za mgongo na uchovu kwa umakini ambao Kisu hakuwahi kuupata hospitali yoyote. Usikivu ule peke yake ulimwongezea nafuu kabla hajafungua kopo.

Wiki ya tatu baada ya hapo, prufu ya kipeperushi, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa, ilitua mezani kwa Bi Mkato. Mwenye kiwanda, kijana aliyerithi mashine kutoka kwa baba yake pamoja na Bi Mkato, aliiweka mwenyewe.

"Hii ni oda kubwa, Bibi. Angalia tahajia tu, tuichape kesho."

Bi Mkato alisoma. *Utafiti umethibitisha kwamba dondoo la ini huongeza nguvu mara tatu. Utafiti umethibitisha kwamba huponya upungufu wa damu. Utafiti umethibitisha kwamba huondoa uchovu wa muda mrefu. Utafiti umethibitisha kwamba huimarisha ini lako mwenyewe.* Mwisho wa kila sentensi palikuwa na kinamba kidogo, na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama sisimizi waliopanga foleni, palikuwa na majina ya tafiti nne. Kisha, katikati, kwa herufi nene: *Choo kikiwa cheusi usiogope! Ni ishara kwamba madini ya chuma yanafanya kazi mwilini.*

Tahajia ilikuwa safi. Mkato kila mahali ulikaa panapostahili. Mtu mwingine angetia saini na kwenda kunywa chai. Lakini Bi Mkato alikuwa na ugonjwa wake: kitabu kikimwambia tazama ukurasa wa arobaini, yeye huenda ukurasa wa arobaini. Mara mbili tatu aliwahi kukuta ukurasa huo haupo. Basi hata kinamba kile kidogo kilikuwa kwake ahadi, na ahadi hufuatiliwa.

Mchana alikunja prufu, akaitia mkobani, akaenda chuo cha uuguzi, ambako binti ya mdogo wake alikuwa mkutubi.

Maktaba ilikuwa chumba kirefu chenye meza za mbao na feni iliyozunguka kwa kunung'unika. Yule binti alisoma majina ya tafiti kwa sauti, akaandika, akabofya, akasubiri, akabofya tena. Alikuwa mtu wa subira. Baada ya muda akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Mama mkubwa, huu wa kwanza, wa kuongeza nguvu, ni wa panya."

"Panya?"

"Panya. Utafiti wa zamani sana, bibi yangu akiwa msichana. Waliwatia panya kwenye maji baridi waogelee. Waliolishwa unga wa ini waliogelea muda mrefu zaidi ya wenzao."

Bi Mkato aliandika pembeni ya prufu: *Panya.* Kisha akaongeza: *Majini.*

"Wa pili, wa damu, huu ni wa kweli kabisa," binti akaendelea. "Kulikuwa na ugonjwa wa damu uliokuwa ukiua watu. Madaktari wakagundua mgonjwa akila ini jingi kila siku, anapona. Ilikuwa ajabu kubwa. Lakini baadaye wakajua kilichoponya ni vitamini moja iliyomo kwenye ini. Siku hizi mgonjwa hupewa vitamini yenyewe. Tena ni ugonjwa mmoja huo, si kila aliyepungukiwa damu."

"Na huu wa uchovu?"

Hapo binti alicheka waziwazi, mpaka mwanafunzi mmoja akainua kichwa. "Mama mkubwa, hawa walikuwa watu kumi na watano. Walichomwa sindano za ini na vitamini, si vidonge. Na kila mmoja kwa zamu alichomwa pia sindano ya bure isiyo na dawa, bila kuambiwa ipi ni ipi. Walipata nafuu."

"Si ndivyo kipeperushi kinavyosema?"

"Walipata nafuu kwa zote mbili. Sindano ya dawa na sindano ya bure zililingana. Utafiti wenyewe unasema dawa haikuonyesha faida yoyote zaidi."

Bi Mkato aliandika pembeni: *Zililingana.* Alikuwa amekuta katika maisha yake herufi zilizorukwa, mistari iliyojirudia, hata picha ya marehemu iliyobandikwa kwenye kadi ya harusi. Ila shahidi kuitwa mahakamani na upande ambao ushahidi wake unauangusha, hilo lilikuwa jipya. Wa nne, wa kuimarisha ini, ulikuwa wa wagonjwa wachache waliokuwa tayari na ugonjwa wa ini, na uligharimiwa na watengenezaji wenyewe.

"Na hili la choo?" akauliza, akigonga herufi nene kwa kalamu.

Binti alitafuta kinamba mwisho wa sentensi. "Hili halina namba."

"Nimeona. Ndiyo maana nauliza."

Binti alivuta jedwali la vyakula, wakahesabu pamoja. Vidonge sita kwa siku, gramu tatu za unga. Ini likikaushwa hupoteza maji yake mengi, kwa hiyo gramu tatu zilikuwa sawa na kipande cha ini kisichofika kidole gumba. Chuma kilichomo, chembe. Hakingeweza kubadili rangi ya choo cha mtoto, sembuse cha muuza nyama. Binti aliweka kalamu chini, na tabasamu lake likaondoka.

"Mama mkubwa, kuna mtu unayemjua anayemeza hivi vidonge?"

"Baba yako mkubwa."

"Choo chake kikoje?"

"Nina miaka thelathini na minne ya ndoa," Bi Mkato akasema taratibu, "na swali hilo sijawahi kumuuliza."

"Muulize. Leo. Choo cheusi kama lami na uchovu, vikija pamoja, mara nyingi ni damu inavuja tumboni."

Bi Mkato hakurudi kiwandani. Alienda moja kwa moja dukani kwa mumewe, kwa mwendo ambao waliomjua walimpisha njia. Kisu alikuwa kwenye gogo, amezungukwa na wateja watano, uso wake umepauka kama mshumaa. Kwa mara ya kwanza mkewe aliuona mpauko ule, na aliona haya, yeye aliyekuwa akiona nukta iliyopungua kutoka upande wa pili wa chumba.

"Njoo nyuma mara moja," akamwambia.

"Huoni nina wateja?"

"Njoo nyuma, au niulize hapa hapa."

"Uliza tu, mke wangu. Mimi sina siri na wateja wangu."

Bi Mkato akauliza. Mama mmoja aliyekuwa akichagua mbavu aligeukia ukutani ghafla kama aliyeitwa na kigae. Mzee mwingine akakohoa. Kisu alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Wewe! Mbele za watu?"

"Nimekwambia twende nyuma. Cheusi au si cheusi?"

Kisu alishusha shoka. "Cheusi," akanong'ona.

"Cheusi kama nini?"

"Kama lami. Lakini Bwana Afya alisema, tena alinionyesha imeandikwa kwenye karatasi yake, ni chuma kinafanya..."

"Najua ilipoandikwa. Ninayo mkobani. Tangu lini?"

"Kabla ya vidonge kidogo. Ndiyo maana niliposikia habari ya chuma nilifarijika. Nikajua, kumbe mwili wangu ulikuwa umeshajiandaa."

Mteja mmoja alicheka, kisha akanyamaza, maana Bi Mkato alikuwa ameshafungua droo ya chini ya mizani akitafuta funguo za duka. Mle alikuta paketi saba tupu za dawa za maumivu. Kisu alikuwa akizimeza kwa ajili ya mgongo, asubuhi na jioni, miezi sita, bila kumwambia mtu. Alidhani mgongo ni aibu kwa muuza nyama. Wateja watano walifunga duka wao wenyewe, mzee mwenye kikohozi akapewa funguo, na yule mama wa mbavu akaita gari.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache. Alivuta chini kope ya Kisu, akatazama wekundu uliokuwa haupo, akaandika harakaharaka. Walimtoa damu kidogo ya kupima na wakarudi na chupa ya kumwongezea. Kisha wakampeleka chumba cha ndani kumpitishia mpira wenye kamera.

Bi Mkato alikaa kwenye benchi la korido. Mbele yake palikuwa na mabango ya afya, na bila kujua alikuwa amesimama, kalamu mkononi, anasahihisha bango la kunawa mikono, ambalo lilikuwa limeandika *sabuni* kwa p. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Hasira yake haikuwaendea panya, wala watu kumi na watano, ambao walau waliitwa kwa namba. Iliiendea sentensi ile moja isiyo na namba, iliyojikalia katikati ya ukurasa kwa herufi nene kama mwenye nyumba.

Daktari alitoka. "Ni kidonda cha tumbo, kinavuja. Zile dawa za maumivu ndizo zilizokichimba. Tumekizuia. Angeendelea hivyo wiki moja au mbili, mama, tungekuwa tunazungumza mengine."

Bi Mkato alirudi kwenye benchi, akalia kidogo, kwa utulivu, kama mtu anayezuia chafya.

Kesho yake Kisu alikuwa ameketi kitandani, rangi imeanza kurudi mashavuni, maneno yamerudi yote. Mkewe alimsimulia kila kitu kuhusu panya na sindano, na hesabu ya kidole gumba. Kisu alisikiliza akitikisa kichwa kwa mshangao.

"Unaona sasa?" akasema mwishowe.

"Naona nini?"

"Bila vile vidonge usingejua. Vimeniokoa."

Bi Mkato alivua miwani, akaanza kuifuta. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa alimtazama kwa huruma.

Siku alipoingia kiwandani, mwenye kiwanda alikuwa akimsubiri. Prufu iliyotakiwa kesho yake ilikuwa imechelewa siku nne, na ilirudi ikiwa nyekundu kuliko nyama ya mumewe.

"Bibi, hii ni nini? Kazi yako ni nukta na mikato!"

"Hakuna nukta inayoweza kuitengeneza hii," akajibu. "Nimeisahihisha yote. Mwite mwenyewe aone."

Bwana Afya alikuja na mkoba wake wa herufi za dhahabu. Bi Mkato alikuwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa amekuja na nakala za tafiti zote, zimebanwa kwa pini. Alianza na choo. Alimwambia habari za Kisu bila kutia chumvi. Uso wa Bwana Afya ulishuka hatua kwa hatua mpaka akatafuta kiti.

"Sentensi hiyo sikuitunga mimi," akasema. "Niliikuta kwenye karatasi ya mwenzangu. Mama yangu mzazi namlisha hivi vidonge, Bibi. Ningemwandikia mama yangu uongo?" Alichukua kalamu yake mwenyewe akaikata ile sentensi kwa mstari, kisha kwa mstari mwingine juu yake. "Andika unavyojua."

Bi Mkato akaandika: *Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.* Kisha akamsomea mengine yote, akisubiri aruke kwa hasira. Panya wa majini. Ugonjwa mmoja wa damu, na vitamini iliyochukua nafasi ya ini. Watu kumi na watano, na sindano mbili zilizolingana. *Mpaka sasa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vidonge hivi vinafanya zaidi ya kipande kidogo cha ini. Mjamzito amwone daktari kwanza, maana ini lina vitamini ambayo ikizidi humdhuru mtoto.*

Bwana Afya alikuwa ameinama mbele, macho yanang'aa.

"Watu kumi na watano kamili?"

"Kumi na watano."

"Na panya waliogelea kweli?"

"Waliogelea."

"Chapa," akasema Bwana Afya. "Chapa hivyo hivyo, usibadilishe neno. Wenzangu wote wameandika utafiti, utafiti, utafiti. Hakuna hata mmoja mwenye panya."

Kipeperushi kikatoka, cha kweli tangu nukta ya kwanza hadi ya mwisho, na Bi Mkato kwa siku chache alitembea ameinua kidevu. Kisha akaanza kusikia habari. Kwa fundi cherehani walikuwa wakisoma kwa sauti: walipochomwa dawa na walipochomwa sindano ya bure, mara zote mbili walipata nafuu. "Mara zote mbili!" akasema fundi cherehani. "Dawa gani hii, inaponya hata isipokuwemo!" Mwalimu mmoja aliyestaafu alisema yeye haamini matangazo, lakini hili linakiri udhaifu wake lenyewe, kwa hiyo ni la kuaminika. Watu wawili, hata hivyo, mpaka mwezi unakwisha, walikuwa wamekwenda hospitali kwa sababu ya ile sentensi mpya. Mmoja hakuwa na kitu. Wa pili alilazwa, akapona. Bi Mkato aliipata habari hiyo kwa binti ya mdogo wake, akaiweka moyoni peke yake, hakuitangaza.

Kisu alirudi dukani, bila dawa za maumivu, na mkanda mpana wa mgongo ambao sasa aliuonyesha kwa kila mtu. Hadithi yake aliisimulia kila alipokuwa akikata nyama, na kila siku ilirefuka kwa inchi moja. Haikuchukua muda Bwana Afya akapita na kalamu, na ushuhuda wa muuza nyama ukafika kiwandani kuwekwa nyuma ya kipeperushi cha toleo la pili: jinsi mtu mmoja alivyomeza dondoo la ini na kuponea chupuchupu.

Bi Mkato aliusahihisha, akaubeba nyumbani. Kisu alikuwa anaosha mikono. Akavikausha vidole kimoja kimoja, akaupokea ule ushuhuda, akausoma akisogeza midomo.

"Hapa umeongeza," akasema. "'Alikuwa akimeza dawa za maumivu miezi sita bila kumwambia mkewe.'"

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Na hapa," Kisu akaendelea, "'aligunduliwa na mkewe, mbele ya wateja watano.'"

"Walikuwa wanne?"

"Walikuwa watano." Kisu alijikuna shingo. "Lakini vidonge umevitoa kabisa kwenye hadithi."

"Vimo. Tazama mstari wa mwisho: 'Vidonge sita alivyomeza kila siku havikumdhuru.'"

Kisu aliusoma mstari ule mara mbili. Alionekana kutafuta kosa, na yeye hakuwa mtu wa kutafuta makosa. Hata kalamu aliishika kama anashika mfupa. Mwishowe aliuliza kama jina lake litaandikwa kwa herufi nene. Mkewe akamwambia hilo linawezekana. Basi akaegemeza karatasi mezani, akatia saini.